Dada yangu ana saratani ya titi: niache kunyonyesha, sindano na soya?

Shikamoo Mama Mkunga,

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo hapa Morogoro. Nina miaka 36, mume na watoto wawili: binti wa miaka 11, na mdogo wake wa miezi tisa ambaye bado ananyonya. Mwaka huu dada yangu wa tumbo moja, mwenye miaka 43, amegundulika na saratani ya titi. Ameshafanyiwa upasuaji na sasa yuko Dar es Salaam, ameanza dripu za saratani.

Tangu hapo kila mtu ana lake. Mama anasema ni kwa sababu dada alichelewa kuzaa. Wifi anasema ni vidonge vya uzazi wa mpango. Baba mdogo akatuma kwenye grupu la familia orodha ya "visababishi vya saratani ya titi": deodoranti, sidiria nyeusi, kuku wa kisasa, soya, maziwa ya ng'ombe, sukari, maji ya chupa yaliyokaa juani, kuweka simu kifuani na sindano za uzazi. Chini yake akaandika, "Yote haya alikuwa anayafanya." Dada alikuwemo kwenye grupu. Aliisoma akiwa kitandani, hakujibu neno, akatoka.

Mimi nimetupa deodoranti, nimeacha kuku, na unga wa soya nimeuondoa kwenye uji wa lishe wa mtoto. Mama mkwe anataka nimwachishe mtoto ziwa, anasema titi likinyonywa muda mrefu linachoka na kuingiwa na maradhi. Natumia sindano ya miezi mitatu na tarehe yangu ni wiki ijayo. Kazini nashika dawa za kunyoosha nywele na rangi kutwa nzima, mara nyingine mtoto yuko mgongoni. Binti naye anataka nimnyooshe nywele likizo hii. Sivuti sigara. Pombe si sana, bia mbili Jumamosi na mbili Jumapili. Mama anachemsha majani ya mstafeli na kumtumia dada kwa basi.

Mama Mkunga, nianzie wapi? Kwenye orodha ile kipi cha kweli?

Msusi, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Mtoto usimwachishe. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja, lakini maziwa ukiyakatisha hayarudi kirahisi. Mama mkwe ameligeuza jambo juu chini. Mwaka 2002 watafiti walikusanya takwimu za tafiti 47 kutoka nchi 30, wakakuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza uwezekano wa mwanamke kupata saratani ya titi kwa asilimia 4 na ushee, na kila uzazi unapunguza asilimia 7 nyingine. Miezi hiyo inajumlishwa ya watoto wote. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi sita ya maziwa ya mama matupu, kisha kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba mkunga amekataa.

La pili ni dada yako. Shirika hilohilo linasema karibu nusu ya wanawake wanaopata saratani ya titi hawana kihatarishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa wanawake na kuvuka miaka 40. Yeye ana 43. Tafiti hupima maelfu ya watu na kusema kundi hili linaugua kuliko lile. Hakuna utafiti unaoweza kumnyooshea kidole mtu mmoja na kumwambia ni kile kidonge, au ni yule kuku. Baba mdogo amefanya kwa simu yake jambo ambalo daktari bingwa hawezi kulifanya kwa darubini. Ningekuwa mimi ningemtaka ampigie, si amwandikie, na amwombe radhi. Mgonjwa aliye kwenye dripu ana kazi ya kutosha kuzuia kichefuchefu na kulala usiku.

Hata hivyo hayo ya uzazi na homoni mama yako hakuyabuni. Titi linafuata maagizo ya homoni. Kila mwezi homoni ya kike iitwayo estrojeni inapopanda, seli za titi hugawanyika zikijiandaa kwa mimba ambayo huenda isije, na kila seli inapogawanyika kuna nafasi ya kukosea. Mwanzoni mwa karne ya 18 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliona watawa wa kike wanaugua saratani ya titi kuliko wanawake wengine. Mwaka 1896 daktari George Beatson wa Glasgow alieleza jinsi uvimbe wa titi ulivyonywea baada ya kumtoa mgonjwa ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi. Ndiyo maana mwanamke aliyevunja ungo mapema sana, aliyekoma hedhi baada ya miaka 55, asiyezaa au aliyezaa mara ya kwanza baada ya 30, uwezekano wake unapanda kidogo. Lakini nani alichagua siku ya kuvunja ungo? Na huyo mwanamke aliyechelewa kuzaa, mnajua alikuwa anamsubiri nani? Mambo hayo yanamsaidia daktari kupanga vipimo. Kwenye mazungumzo ya familia hayana kazi.

Sindano sasa. Wifi yako yuko karibu na ukweli, ila ameukuza. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walichapisha taarifa za wanawake milioni 1.8 waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 10. Waliokuwa wakitumia njia za homoni, au walioziacha karibuni, waliugua zaidi kwa asilimia 20 hivi. Ukisikia asilimia 20 unashtuka. Kwa hesabu ya watu, ni wagonjwa wa ziada kama 13 katika kila wanawake 100,000 kwa mwaka, na ongezeko hilo hufifia baada ya kuacha. Vidonge hivyohivyo vinapunguza saratani ya ovari na ya mji wa mimba. Na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani haumkatazi mwanamke njia yoyote ya homoni kwa sababu tu ndugu yake ana saratani ya titi. Anayekatazwa ni mwenye saratani yenyewe, yaani dada yako.

Kwa hiyo wiki ijayo una milango miwili, yote halali. Endelea na sindano. Au, kama moyo hautulii, muulize muuguzi kuhusu kitanzi cha shaba, ambacho hakina homoni hata tone na kinakaa miaka 10 au zaidi. Vijiti vya mkononi vina homoni, hivyo usiviendee ukidhani umeikimbia. Kitu ambacho sikukubalii ni kuruka tarehe ukae bila kinga yoyote. Mimba usiyoitarajia, mtoto wa miezi tisa mgongoni na dada hospitalini, hatari yake naijua kuliko ya sindano.

Saluni umeitaja kwa haraka, na mimi ndipo ninapotaka tukae. Marekani kuna utafiti ulioandikisha wanawake zaidi ya 50,000 kati ya 2003 na 2009, wote watu wa hali yako: wenyewe hawana saratani, ila dada zao wa damu wameugua. Matokeo ya upande wa nywele yalitoka mwaka 2019. Waliotumia rangi ya kudumu waliugua zaidi kwa asilimia 9 kwa jumla, lakini wanawake weusi peke yao ilikuwa asilimia 45. Dawa za kunyoosha nywele zilikuja na asilimia 18, na waliozitumia kila baada ya wiki tano hadi nane walifika karibu 30. Hata waliokuwa wanawapaka wenzao nyumbani walionekana kuugua zaidi. Ghana nako, utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta waliotumia dawa ya nywele wanaugua kuliko wasiotumia. Tafiti za aina hii zinaonyesha vitu viwili vikitembea pamoja. Hazithibitishi kwamba kimoja ndicho kilichokileta kingine. Lakini wewe humpaki mtu mmoja kila wiki nane. Unapaka kutwa.

Sikwambii ufunge saluni, ndiyo inayokulisheni. Nunua glavu nene za kufulia au za hospitali, achana na zile za nailoni zinazokuja ndani ya boksi la dawa, zinachanika kabla hujamaliza utosi. Fungua dirisha na mlango, feni ipulize kuelekea nje. Usile wala kunywa chai pale unapochanganyia rangi. Mteja aliyejikuna au mwenye vidonda kichwani mrudishe siku nyingine, maana ngozi iliyochubuka inaacha vitu vipenye. Na dawa ile ya kunyoosha kwa pasi ya moto inayowasha macho, mara nyingi ina fomalini, ambayo ni kisababishi cha saratani za aina nyingine na wataalamu hawana ubishi nayo. Hiyo iondoe kabisa kwenye rafu. Mtoto mgongoni wakati wa kupaka, hapana. Mtafutie mtu wa kukaa naye chumba kingine hata kwa saa mbili, au dawa zipangie siku maalumu na siku nyingine zibaki za kusuka. Twende kilioni haina kemikali na wateja hawajaichoka.

Binti naye mwambie asubiri, na usilegee akilia. Titi linalochipua linaumizika kuliko titi la mtu mzima. Hilo lilionekana Hiroshima na Nagasaki, ambako waliopigwa na mionzi ya bomu la 1945 wakiwa wasichana ndio waliougua zaidi baadaye. Likaonekana tena California: damu ya wanawake iliyotunzwa tangu miaka ya 1960 ilipopimwa DDT, dawa ile ya kuulia mbu, waliokuwa nayo kwa wingi na waliokutana nayo kabla ya kutimiza miaka 14 waliugua mara tano ya wenzao. Utafiti huo wa 2007 ulikuwa mdogo, nami siulinganishi na rilaksa moja kwa moja. Nasema tu kwamba kama kuna umri wa kumwepusha mtu na kemikali asizozihitaji, ni huo wa binti yako.

Sasa nirudi kwenye orodha ya baba mdogo. Kilichonishangaza ni kile asichokiandika. Pombe haimo. Unene haumo. Kukaa kutwa bila kutembea hakumo. Kuku yumo! Haya, bia ya chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 za kilevi halisi. Wewe unakunywa nne kwa wiki, gramu 80, sawa na gramu 11 hivi kwa siku. Na kila gramu 10 kwa siku zinapandisha uwezekano wa saratani ya titi kwa asilimia 7 hadi 10. Haijalishi kama ni bia, mvinyo au mbege, kwani kilevi ni kilekile: kinapandisha estrojeni, na mwili unapokivunja kinazaa kemikali inayoharibu vinasaba vya seli. Umeandika "si sana", na kweli mtaani kwetu si sana. Lakini kwenye barua yako yote, baada ya saluni, hili ndilo lililo mikononi mwako zaidi. Wala halihitaji hela. Tena unanyonyesha.

Unene ni habari ya baadaye kidogo. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zinanyamaza na kiwanda cha estrojeni kinahamia kwenye mafuta ya mwili, hivyo mwenye mafuta mengi anabaki na homoni nyingi. Kabla ya hapo uhusiano huo hauonekani, kwa hiyo msimrushie dada yako hilo nalo. Ila kilo za miaka 60 mara nyingi huanza kukusanywa kwenye thelathini na arobaini, chipsi kwa chipsi, soda kwa soda, huku mtu amesimama kichwani mwa mteja bila kutembea hata mita 100. Dakika 150 za kutembea haraka kwa wiki zinatosha kuanzia. Shuka daladala kituo kimoja kabla.

Mama yako naye, kama amekoma hedhi na anasumbuliwa na joto, ajue kwamba mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu wanawake waliopewa vidonge vya homoni mbili, estrojeni na projestini pamoja, walikuwa wanapata saratani ya titi zaidi. Asinunue vidonge hivyo dukani kwa kuambiwa na jirani.

Vyakula vinavyotajwa vingi havina kosa. Soya mrudishie mtoto. Ina kitu kinachofanana kidogo na estrojeni, na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa, lakini Shanghai walifuatilia wanawake zaidi ya 5,000 waliokwisha kuugua saratani ya titi, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba waliokula soya nyingi walirudiwa na ugonjwa mara chache zaidi kuliko waliokula kidogo. Kuku wa kisasa anakua kwa wiki tano au sita kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi na vizazi na chakula chenye protini nyingi. Homoni ya ukuaji ukimlisha kuku tumbo lake linaimeng'enya, ingebidi apigwe sindano mmoja mmoja, tena mara kwa mara. Mfugaji wa kuku elfu moja ataanzia wapi? Shida ya kuku hao ni antibiotiki zinazotumiwa ovyo, na hiyo ni kesi nyingine. Sukari haina urafiki maalumu na saratani. Inanenepesha, na hilo linatosha kuipunguza.

Usidhani kwamba chakula na mazingira havina neno. Wanawake wa Kijapani waliohamia Hawaii na California walikuwa na saratani ya titi chache, lakini mabinti na wajukuu zao wakaanza kukaribia kiwango cha Wamarekani wenzao, na vinasaba vilikuwa vilevile. Ila vilibadilika vitu vingi kwa pamoja: sahani, uzito, umri wa kuvunja ungo, idadi ya watoto, miezi ya kunyonyesha. Waliojaribu kutenga kitu kimoja wamepata shida. Karibu wanawake 49,000 wa Marekani waliingia kwenye jaribio ambalo sehemu yao walipunguza mafuta kwenye chakula kwa miaka minane hivi, na tofauti ya saratani ya titi haikuwa ya kutamba nayo. Kwa hiyo mchicha, maharage, dona, matunda na samaki vileni kwa sababu vinajenga mwili wote. Asiwauzie mtu chakula kimoja kwamba ndicho kinga ya titi.

Deodoranti, sidiria ya rangi yoyote na simu kifuani, hakuna ushahidi. Chupa za maji za dukani kwa kawaida zimetengenezwa kwa plastiki isiyo na BPA, ile kemikali inayoigiza estrojeni ambayo Ulaya waliipiga marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011. Mimi ninachokikataa ni ile tabia ya kufunika wali jikoni kwa mfuko wa nailoni, na kumimina uji unaochemka kwenye kopo la plastiki. Tumia sufuria na mfuniko wake, kikombe cha bati kipo.

Majani ya mstafeli yanaua seli za saratani kwenye vyombo vya maabara. Kwa binadamu mgonjwa hakuna aliyethibitisha. Madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe wamewahi kuhusisha unywaji wake wa muda mrefu na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaofanana na kutetemeka kwa wazee. Hofu yangu kubwa ni kuchanganyika na dripu. Mama asiyatume tena mpaka dada amwonyeshe daktari wake kile anachokunywa. Nauli ya mzigo imnunulie mayai.

Umebaki wewe. Kuwa na dada wa damu aliyeugua kunakaribia kuuzidisha mara mbili uwezekano wako, lakini mara mbili ya kidogo: wengi wenye dada mgonjwa hawaugui kamwe, na kati ya wagonjwa tisa wa saratani ya titi, wanane hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuiugua. Saratani za kurithi hasa ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Waulize wazee, upande wa mama na wa baba pia, kama kuna mwingine aliyepata saratani ya titi au ya ovari, na akiwa na umri gani. Wakiwepo wawili watatu, habari inabadilika.

Baadhi ya miongozo inataka ndugu aanze kuchunguzwa miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligundulika. Dada 43, wewe ulipaswa kuanza na 33. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa wiki hiyohiyo ya sindano, mtaalamu akupapase matiti na makwapa, kisha mzungumze kuhusu altrasaundi au mamografia, yaani eksirei ya matiti. Kunyonyesha hakuzuii. Nyonyesha kwanza, kisha uingie chumbani ukiwa mwepesi. Nyumbani pia jijue: bonge la maziwa hulainika na kupotea mtoto akishanyonya au ndani ya siku chache. Lile lisilopotea ndani ya wiki mbili, hasa lisilouma, au ngozi ikiwa kama ganda la chungwa, au chuchu ikianza kuingia ndani, au ikitoa damu, usikubali kuambiwa "ni maziwa tu" ukarudi nyumbani bila kipimo.

Ukifika dirishani usiseme umekuja kuangaliwa matiti. Sema, "Dada yangu wa tumbo moja amegundulika na saratani ya titi akiwa na miaka 43," na uhakikishe sentensi hiyo imeandikwa kwenye faili lako kabla hujainuka kwenye kiti.